Majina Kumi na Saba

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguliwa kwa mvua. Nilifika maktabani saa moja kasoro nikakuta maji yameingia tena upande wa rafu za historia. Nikatoa sufuria mbili chini ya meza nikaziweka panapovuja. Wanafunzi walikuja wachache. Wale wa ng'ambo ya mtaro wa mtaa wa Obunga hawakuweza kuvuka hadi saa nne.

Mimi si mwalimu. Bodi ya shule iliniajiri miaka sita iliyopita nitunze vitabu, na wanafunzi huniita Madam Rachael kwa heshima tu. Vitabu vyenyewe ni mia nane na kitu, vingi vya msaada, na vingine nimevishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Januari nilijiahidi kuandika daftari hili kila siku, na hadi leo sikuwa nimeandika hata siku moja.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Watatu waliazima vitabu.

Jumanne, 6 Mei

Leo alikuja Dishon Ooko, mwenyekiti wa wazazi. Ana karakana ya kuchomelea vyuma karibu na barabara kuu, na ni mzee wa kanisa. Alivua kofia iliyolowa, akaketi bila kuambiwa, akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayetoa samaki aliyeoza.

"Madam, hii kitabu imetoka kwako?"

"Iko na muhuri wetu, Mzee. Imetoka hapa."

"Umeisoma?"

Nikasema nimeisoma. Nilidanganya. Nilisoma kurasa chache kilipoletwa, nikaona ni hadithi ya msichana wa kidato cha pili, nikakigonga muhuri. Dishon alikikuta chini ya godoro la binti yake Perez, ambaye yuko Fomu Tatu. Mzee amepiga mistari ya wino mwekundu kila palipomuudhi. Hadithi ni ya msichana anayeishi na mama yake na mume wa mama yake, na huyo mume si mtu mwema. Nilisoma mistari myekundu mbele yake, naye akiniangalia usoni.

"Mtoto wangu anasoma hii usiku na mimi niko chumba cha pili naomba Mungu," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Kitabu amekwenda nacho. Perez hajaonekana shuleni tangu jana.

Ijumaa, 9 Mei

Mkutano wa wazazi kwenye ukumbi wa kulia chakula. Walikuja wengi kuliko wanaokuja siku ya matokeo. Dishon alisimama akasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Alipofika katikati akanyamaza, akafunga kitabu, na huko kunyamaza kukawashika watu zaidi ya kusoma. Mama mmoja mbele yangu alijifunika kichwa kwa leso.

Baba mmoja akauliza, "Sasa shule inafundisha mtoto amshtaki babake?" Watu wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu, Bwana Owiti, alisema mambo mengi yasiyo na mwanzo wala mwisho. Amebakisha miaka miwili astaafu. Mwishowe ikaundwa kamati ya watu watano: yeye mwenyewe, Dishon, pasta, mzazi mmoja wa Fomu Nne, na Waithira. Nilipumua niliposikia jina la Waithira. Ni rafiki yangu. Anauza mitumba soko la Kibuye, binti yake Wendy yuko Fomu Mbili, na tumekunywa chai pamoja kila Jumapili kwa miaka minne.

Natakiwa kuleta nakala zote za kitabu hicho na orodha ya vingine "vya aina hiyo".

Jumamosi, 10 Mei

Nilichukua nakala tatu zilizobaki nikaja nazo nyumbani. Niliona aibu kuwa watu wanabishania kitabu nisichokijua, basi nikakaa kitandani mvua ikipiga mabati nikasoma chote. Hicho kitu kinachowaudhi hakifiki kurasa nne. Kurasa zilizobaki ni msichana anayetafuta mtu wa kumwambia. Anamwendea mwalimu, mwalimu ana haraka. Anamwendea nyanya yake, nyanya anamwambia anyamaze. Nililia kidogo, si sana.

Halafu nikafungua nakala mbili nyingine kuangalia kama zina kurasa zilizochanika. Katika ya pili, ukurasa wa hamsini na nane, pale msichana anaposema hakuna aliyewahi kumuuliza, kuna maandishi ya penseli pembeni. Herufi ndogo, zimeinama kushoto:

*Hata mimi. Alhamisi mama akienda Usenge.*

Nimeyasoma mara nyingi. Hakuna jina.

Usenge ni kule ufuoni mwa ziwa wanakonunua omena, wale dagaa wadogo. Nusu ya akina mama wa Obunga huenda huko kuchukua mzigo na kurudi kesho yake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefungua rejista ya kuazima. Tangu kitabu kije, wasichana kumi na saba wamekiazima. Rejista haisemi nani alipewa nakala ipi. Wawili wamemaliza shule. Wamebaki kumi na watano, na mmoja wao ni Perez wa Dishon, mwingine ni Wendy wa Waithira.

Jumatano, 14 Mei

Nilimwendea Bwana Owiti. Nilimwambia tu kwamba nina sababu ya kuamini kuna mtoto shuleni anaumizwa nyumbani kwao. Aliweka kalamu chini.

"Jina lake?"

"Bado sijajua."

"Umejuaje basi?"

Sikumwonyesha. Ningemwonyesha, angelazimika kukipeleka kitabu mbele ya kamati, na kamati ingekusanya madaftari ya wasichana wote na kuyalinganisha na ule mwandiko mbele ya pasta. Nilimwambia nimesikia.

"Madam Rachael," akasema kwa upole, "ukipata jina, njoo hata kama niko kwa mkutano. Bila jina ni uvumi, na uvumi saa hii utatumaliza."

Alhamisi, 15 Mei

Leo ni Alhamisi. Sikufanya kazi yoyote ya maana.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeanza kuzungumza nao mmoja mmoja. Nawaita kunisaidia kupanga rafu, kisha nauliza kama walikipenda kile kitabu. Nimeanza na Fomu Nne kwa kuwa ni wakubwa na niliona wao wana mengi ya kuficha. Mmoja alisema alikisoma kwa sababu ni kifupi. Mmoja alisema mwisho wake ni mbaya, angeandika yeye angemfunga yule mtu jela. Mwingine alifikiri nimemwita kumchongea kwa mama yake.

Siwezi kuuliza ninachotaka kuuliza. Nawaangalia wanavyoandika majina ya vitabu kwenye kadi za rafu, natafuta herufi zilizoinama kushoto.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeongea na tisa. Perez amerudi shuleni, ameketi dirishani na hataki kuongea na mtu. Aliniambia, "Samahani, Madam, ni mimi nimeleta hii shida." Nikamwambia si yeye. Mwandiko wake ni mkubwa na wa mviringo. Si yeye.

Saa tisa mchana niliwaona akina mama wakipita na beseni tupu kwenda kituoni. Nikawahesabu mpaka nikaacha.

Ijumaa, 23 Mei

Kamati ilikaa leo, nami nikaitwa kusimama mbele yao kama mwanafunzi aliyekosa. Vitabu arobaini na kimoja vitaondolewa. Viwili kati yavyo ni vya biolojia. Nilitetea vya biolojia, nikasahau kutetea vingine. Kile chenye penseli sikukipeleka. Nilisema nakala moja imepotea, ikaandikwa.

Ndipo Dishon akasema, "Na tunataka rejista."

Nikauliza ya nini.

"Tujue ni watoto gani wameshasoma. Tuwaite na wazazi wao. Tuwaombee, tuwaongoze. Hatuwezi kuondoa kitabu halafu tuache kile imepanda kwa roho ya mtoto."

Alikuwa akisema ukweli wa moyo wake. Niliona wasichana kumi na watano wamesimama ukumbini, kila mmoja kando ya baba yake. Mmoja wao angekuwa amesimama kando ya mtu yule yule anayemuumiza.

Nilimtazama Waithira. Alikuwa anachezea vishikizo vya sweta. Bwana Owiti akauliza nani anaunga mkono, na mikono minne ikainuka. Ya mwisho kuinuka, polepole, ilikuwa ya Waithira. Rejista itolewe Jumatatu saa nane mchana.

Jumapili, 25 Mei

Waithira alikuja baada ya kanisa na parachichi tatu. Hakuketi.

"Wewe unajua Wendy yuko kwa hiyo rejista," akasema. "Nikipinga, wataniuliza kwa nini. Na mimi si wa hapa, Rachael. Elfu mbili na saba, baada ya kura, walichoma stoo yetu, na asubuhi tukasalimiana na majirani kama hakuna kitu. Nimeishi hapa kwa kukubali kile watu wamekubali."

"Wakimwita Wendy mbele ya watu?"

"Nitakuwa hapo na yeye. Tutaombewa, tutaenda nyumbani."

Nilikuwa na hasira naye tangu Ijumaa. Ilipoisha sikupata kitu cha kuweka mahali pake. Nilimwambia habari ya penseli, yeye peke yake. Akaketi sasa. Akasema si Wendy, maana yeye mwenyewe Waithira haendi Usenge, na alilisema haraka, kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Halafu akaona haya.

Jumatatu, 26 Mei

Nimechoma rejista.

Ilikuwa saa sita, jikoni mwa shule, chini ya sufuria ya githeri. Ningeificha wapi? Chumba changu ni kimoja, na wangekuja. Majina sita ya wale ambao sijaongea nao nimeyashika kichwani. Siyaandiki hata hapa. Niliing'oa kurasa kwa sababu jalada lilikuwa gumu, na mpishi aliniuliza kama karatasi hizo ni za mtihani. Nikasema ndiyo.

Saa nane nikawaambia nimeichoma. Pasta alifumba macho. Bwana Owiti alinitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Dishon peke yake ndiye aliyeongea.

"Umewalinda kutoka kwa nani, Madam? Kutoka kwa wazazi wao?"



Jumanne, 27 Mei

Nimesimamishwa kazi mpaka bodi iamue. Askari wa getini ameambiwa asiniruhusu kuingia. Nilipoangusha karatasi zile motoni nilifikiria mambo yote isipokuwa hili, kwamba wale sita wako ndani ya geti na mimi niko nje.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua ilinyesha toka asubuhi hadi jioni.

Jumatatu, 2 Juni

Nilisimama kwenye kona ya barabara wanafunzi walipokuwa wakitoka shule. Niliwapata wawili kati ya sita. Hawakusimama. Wameambiwa wasiongee na mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nilikwenda kwa afisa wa watoto, Madam Wakhungu. Ni mwanamke wa makamo anayesikiliza bila kugusa simu. Nilimpa kitabu, akasoma ukurasa wa hamsini na nane, akaweka vidole juu yake kwa muda.

"Una majina?"

"Nina sita. Mmoja wao ni huyu."

"Nikienda kwa nyumba sita na swali kama hili, nyumba tano zitamchapa mtoto asiye na habari. Ya sita itamficha mwenye habari." Akafikiria. "Leta jina moja. Hata kama huna uhakika kamili, moja."

Kitabu kimebaki kwenye faili lake. Alinipa namba ya simu yake mwenyewe. Kila mtu ninayemwendea ni mwema, na kila mmoja ananiuliza jina.

Jumatano, 11 Juni

Waithira anasema vile vitabu vingine vimechukuliwa leo kwa mkokoteni, kwenye magunia mawili. Hakuuliza vinakwenda wapi.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua imekatika. Upepo unatoka ziwani na umeleta magugu hadi ukingoni, mashua hazitoki. Nilifikiri, pengine omena hakuna, pengine hakuna mama anayekwenda Usenge leo. Nilifurahi kwa saa moja hivi. Kisha nikaona beseni zikipita.

Ijumaa, 20 Juni

Jioni Waithira alikuja na Wendy. Mtoto alikuwa amelia. Mama yake akamsukuma mbele kidogo.

"Mwambie Madam kile umeniambia."

Ni Debra. Fomu Mbili, mwembamba, mtaratibu, kila mara alirudisha kitabu siku moja kabla ya tarehe. Ni wa mwisho katika orodha yangu kwa sababu nilianza na Fomu Nne. Wiki iliyopita aliugua gwarideni asubuhi, mwalimu akampeleka zahanati, na huko wakaona ana mimba ya miezi minne. Shule nzima inajua tangu Jumatano. Jana amepelekwa Muhoroni kwa shangazi yake. Mama yake anauza omena. Baba yake mzazi alifariki, na mama ameolewa na mtu wanayemwita Baba Akinyi, kwa jina la mtoto wao wa miaka tisa.

"Alikuwa anaandika kwa vitabu," Wendy akasema. "Nilimwambia Madam atamshika, yeye akasema ndio maana anaandika."

Nilimwomba alirudie. Akalirudia vile vile.

Nilimpigia Madam Wakhungu nikampa jina. Akasema, "Sawa. Sasa tunaweza kuanza." Miezi minne. Wakati nilipofungua kitabu kile chini ya mabati ilikuwa imeshapita karibu mitatu. Hilo najaribu kulishika linipoze, lakini halinipozi.

Jumatatu, 23 Juni

Dishon amesema habari za Debra kanisani jana. Hakumtaja jina, lakini nani asiyemjua. Alisema, kwa huyu mmoja tumechelewa. Watu walilia.

Leo asubuhi nilikwenda karakanani kwake. Alikuwa akichomelea mlango wa chuma. Alipoinua kinyago chake akaniona, akazima mashine, akanitolea kiti cha plastiki akakipangusa kwa kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwingine.

Nilimweleza yote: penseli, Alhamisi, Usenge, rejista na sababu yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliketi juu ya kreti ya soda.

"Unajua Perez alikuwa na dada?" akasema.

Sikujua.

"Alikuwa Fomu Tatu. Wakati huo mimi naendesha trakta ya miwa Muhoroni, nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku moja nimekuja nakuta yuko na tumbo. Sikumuuliza kitu. Nilimpiga tu. Alikufa akizaa, na mtoto wake akaishi mwezi moja." Aliongea akiangalia mikono yake. "Mpaka leo sijui ni nani. Kama ungekuwa wewe ungefanya nini, Madam? Huyu amebaki mmoja, ungeacha kila kitu iingie kwa nyumba?"

Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Kisha nikasema, "Mzee, Debra alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia. Kitabu ndicho pekee alichopata. Alipoandika tayari alikuwa anaumizwa. Si kitabu kilichomharibu."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Angesema nini kama hangesoma? Hayo maneno ameyatoa wapi? Mtoto anasoma hadithi, anaona ni yake. Yule bwana namjua. Amenisaidia kupaka rangi kanisa. Pengine ni kijana huko mtaani amempa mimba, na hii kitabu imemwonyesha mahali pa kutupa lawama."

"Na kama si kijana?"

Alikigeuza kinyago mikononi. Mteja akaja, Dishon akamwambia ngoja.

"Kama si kijana," akasema, "basi sijui mimi niko kwa dunia gani. Siwezi kuifikiria hiyo, Madam. Usiniombe niifikirie."

Alinisindikiza hadi barabarani. Nilikwenda nikitaka kumchukia na nimerudi bila hata chuki hiyo.

Alhamisi, 3 Julai

Madam Wakhungu amekwenda kwao Debra mara mbili. Mama anasema ni kijana wa bodaboda aliyekimbilia Busia. Baba Akinyi aliwapa viti, akajibu kila swali. Madam Wakhungu akaenda Muhoroni pia, Debra akasema ni kijana wa bodaboda.

"Nilimwonyesha kitabu," aliniambia kwenye simu. "Anasema hajawahi kukiona. Mwandiko wa penseli, maneno sita. Bila yeye kusema, sina kesi. Kungekuwa na kitu kinachoonyesha alikiazima, ningekuwa na pa kuanzia mazungumzo naye."

 Nadhani alikumbuka alikuwa akiongea na nani. Akasema samahani.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Muhoroni. Jua kali, vumbi, malori ya miwa yanaangusha mabua njia nzima na watoto wanayaokota. Nyumba ya shangazi iko nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Shangazi alinipokea vizuri, akaenda dukani akatuacha.

Debra alikuwa akichambua mboga. Alisimama kunisalimu, akapangusa mikono kwenye gauni. Tumbo limeanza kuonekana. Nilimwambia sijaja kumlazimisha kitu. Nilimwambia nilisoma alichoandika na kwamba nilichelewa, na kwamba naomba anisamehe.

"Mimi sijasoma hiyo kitabu, Madam."

"Debra."

"Ulichoma rejista. Wendy aliniambia." Hakulisema kwa ubaya. "Nilisikia vizuri sana siku hiyo. Nilifikiri, sasa hakuna mtu atajua ni mimi. Halafu nikakaa nikafikiri tena, sasa hakuna mtu atajua ni mimi."

Akarudi kuchambua mboga. Nilimsaidia. Baada ya muda nikamwambia yuko Madam Wakhungu, anaweza kumpangia mahali pengine pa kukaa, si lazima arudi.

"Nikisema, mama ataishi na nini? Beseni peke yake? Na atasema mimi ni mwongo. Ameshasema kabla hata sijasema."

"Kwa hiyo ulimwambia."

 Alimaliza fungu lile, akachukua lingine, akalifungua kamba. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Ukipita kwetu, mwambie mama awe anaenda na Akinyi Usenge. Kama ni shule, akose tu siku moja kwa wiki. Mwambie ni wewe umefikiria. Usiseme ni mimi."

Nilimshika mkono. Aliniachia kwa muda, kisha akautoa kwa sababu mboga zilikuwa zinanyauka.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi na mapema nilimwambia Madam Wakhungu kuhusu mtoto mdogo. Amesema atazungumza na mwalimu wa darasa lake huko shule ya msingi, wamwangalie, na kwamba hilo angalau lipo ndani ya uwezo wake.

Kisha nikamwahi mama yao kabla hajaondoka. Alikuwa ameshafunga beseni kwa leso. Nilimwambia alivyosema Debra, kama wazo langu. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yakajaa machozi, na nikaona wazi kwamba anajua. Au kwamba aliwahi kujua akaliweka mahali.

"Akinyi ako na mtihani," akasema. "Hawezi kosa shule."

Akainua beseni akaenda.

Jumatatu, 21 Julai

Bodi imenirudisha. Bwana Owiti alinitetea, naambiwa, kwa maneno mengi. Nimetia saini barua ya kuomba radhi ambayo sikuiandika mimi. Ningeweza kukataa. Sikuwa na kazi nyingine, na nilijiambia kwamba nikiwa ndani ya geti naweza angalau kuwatazama.

Maktaba ina mlango mpya wa chuma. Dishon aliuchomelea mwenyewe, bure. Kuna rejista mpya yenye nafasi ya sahihi ya mzazi.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuna aliyeazima kitabu wiki nzima, isipokuwa Perez. Alichukua atlasi. Baba yake alitia sahihi.

Alhamisi, 31 Julai

Wendy alipita kusema kwamba Akinyi alionekana shuleni kwao leo, alikuwa akiruka kamba. Sijui kama hiyo ni habari njema.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa leo. Mwanafunzi akitoka shule kabisa ni lazima arudishe vitabu vya serikali, nami nigonge muhuri kwenye fomu yake. Saa tano alikuja Baba Akinyi na vitabu vya Debra kwenye mfuko. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Binti yake mdogo alimfuata nyuma, akasimama mlangoni.

Aliviweka mezani kimoja kimoja. Vilikuwa vinane, vimefunikwa kwa gazeti, hakuna ukurasa uliokunjwa. Nilivikagua vyote, ukurasa kwa ukurasa, kila pembeni. Alisubiri bila kulalamika. Hakukuwa na chochote. Nikagonga muhuri.

"Nimesikia ulienda hadi Muhoroni kumwona mtoto wetu," akasema. "Asante sana, Madam. Watu wengine wote wamemtupa."

Akaninyooshea mkono. Walikuwepo wazazi wengine kwenye foleni nyuma yake, na Bwana Owiti alikuwa mlangoni akiagana na watu. Nilimpa mkono wangu. Wake ulikuwa mkavu na wa moto kidogo, kama wa mtu yeyote.

Kisha akageuka, akamwambia Akinyi aje anisalimie, na mtoto akaja.